Nakijwa Aliyeshuka Ndungweni

Tulieni, enyi wana wa mlima na wana wa bonde, mliokaa huku na mliosimama kule, kwa maana jina nitakalolitaja halitajwi huku watu wakitafuna. Nasema juu ya zama za mababu wa mababu zetu, kabla hatujawa kabila, kabla hatujawa na neno moja la kujibu tunapoulizwa nyinyi ni akina nani. Wakati huo tulikuwa koo zilizotawanyika juu ya mlima wa Kirei, hawa katika mapango yao, wale katika migomba yao, kila ukoo ukiwasha moto mdogo wa moshi haba ili usionekane kutoka chini. Na aliyesikia jirani yake akilia alikaza komeo la mlango wake.

Ndipo alipoishi Nakijwa binti Mrindoko, wa ukoo wa wafinyanzi, mjukuu wa Naseko aliyevuka nyika akiwa amebeba moto ndani ya chungu. Huyo ndiye Nakijwa Mwenye Nywele za Jivu, Nakijwa Mama wa Njia, Mwanamke Aliyeangusha Ngome Bila Kuinua Mkono. Msidhani alizaliwa na ishara. Hakuzaliwa na meno, wala radi haikupiga siku ile. Alikua, akaolewa, akafinyanga vyungu, akamzika mumewe, akaota mvi, na katika muda wote huo hakuna aliyefikiri kwamba siku moja angesimuliwa.

Chini ya mlima, penye tambarare, ilisimama Ndungweni, ngome ya Sekidia Mla Mifugo ya Wenzake. Ukuta wake ulikuwa wa magogo yaliyosimikwa wima na kuzungushiwa miiba iliyosukana hata nyoka hakupita pasipo kujikwaruza. Kila kiangazi watu wa Sekidia walipanda mlimani, wakachukua ng'ombe, wakachukua vijana na wasichana, na waliochukuliwa wengine walilimishwa mashamba ya ngome na wengine waliuzwa kwa misafara, na msafara ukishapinda nyuma ya kilima hakuna aliyejua tena habari zake.

Katika kiangazi kimoja walimchukua Nambua, mtoto pekee wa Nakijwa. Jina lake katika lugha ya kale ya mlimani ni mvua, kwa kuwa alizaliwa mvua ikinyesha. Mama yake alikuwa amemtuma bondeni kuchimba udongo wa kufinyangia. Walichokiona waliokwenda kumtafuta ni kapu lililopinduka na udongo uliokuwa ungali na alama za vidole vyake.

Tangu siku hiyo Nakijwa hakulia mbele ya watu. Ila kila alipofinyanga vyungu vya kuuza, mikono yake yenyewe ilifinyanga na kingine kidogo, cha msichana wa kuchota maji, kisha akakumbuka kwamba Nambua hayupo. Hakukiuza, wala hakukivunja. Alikiweka nyuma ya nyumba. Na majirani waliopita huko wakaona kwamba vile vyungu vilikuwa vikikua mwaka hadi mwaka, jinsi msichana anavyokua, hata vikafikia ukubwa wa chungu cha mwanamke aliyeolewa. Na walipoona hivyo wakaacha kupita upande ule.

Miaka ikaenda. Akatokea Kiangi Mfua Chuma, mtu wa mabega mapana na maneno machache, aliyezunguka pango kwa pango akiwashawishi wazee wa koo waunganishe mikuki yao. Wakakubali, lakini wakakwama mahali pamoja: hakuna aliyejua ngome ile inaingilika vipi. Vijana walitumwa kuipeleleza, wakijifanya wachungaji, wakijifanya wauza asali. Wote walikamatwa. Kijana wa vita hawezi kutazama mlango bila kuupima kwa macho, na walinzi wa Ndungweni walijua kuyasoma macho hayo.

Siku Kiangi alipowakusanya wazee kuwaambia kwamba hana tena wa kumtuma, Nakijwa alikuwa amekuja kuuza vyungu. Akautua mzigo wake, akasogea mpaka katikati.

"Nitumeni mimi," akasema.

Mzee mmoja akacheka. Kiangi hakucheka. "Mama Nambua," akamwambia, "kule wanaua."

"Wanaua wanaowaona, mwanangu. Mimi nimepita hapa katikati yenu mara ngapi na mzigo kichwani, na nani kati yenu aliyeniona?"

Kisha akaendelea, kwa maana hakutaka kuwadanganya: "Lakini msinidhanie shujaa. Nina mtoto kule. Kama hayuko, nataka kujua aliondoka kwa njia ipi."

Kiangi akatamka neno lililokuwa gumu kuliko chuma chochote alichopata kukifua: "Utakwenda. Lakini utaapa kwamba ukimwona hutamwita jina lake wala hutamwambia wewe ni nani, mpaka siku tutakapoingia. Mtoto akijua, moyo wake utamtangaza; na ukitangazwa wewe, tumekwisha sote."

Nakijwa akaapa, mkono wake ukiwa juu ya udongo.

Akashuka mlima peke yake. Akajinyima chakula njiani hata mashavu yakabonyea, akajipaka vumbi, akaanguka ukingoni mwa mashamba ya mtama ya Sekidia. Wanawake wa ngome wakamwokota, wakamnywesha uji. Alipoulizwa jina akajibu kwa kuwasalimu ndege waliokuwa juu ya mtama, mmoja mmoja, kama watu wa ukoo wake. Wakasema, huyu akili zimemtoka. Na kwa kuwa anawapenda ndege, mpeni kazi ya kuwafukuza.

Hivyo Nakijwa akakaa juu ya ulingo katikati ya mashamba, kombeo mkononi, akipiga kelele tangu alfajiri hata magharibi. Enyi watu, ni mkuu gani wa vita aliyewahi kupewa na adui zake kiti cha juu namna ile? Aliona njia zote zinazoingia Ndungweni na zote zinazotoka. Aliwaona wapiganaji wakipita chini yake na kusikia walichosema, kwa sababu hakuna aliyekatiza maneno yake kwa ajili ya kikongwe anayewagombeza ndege. Jua lilipomchoma alivumilia, na mvua ilipomnyeshea alitazama juu, akafungua kinywa, akalitamka jina la mvua kwa lugha ya mlimani, taratibu, mahali ambapo hakuna aliyemsikia. Hilo tu ndilo alilojiruhusu.

Mavuno yalipokaribia, mke wa Mhando, mkuu wa lango, akahitaji mlezi. Wakasema, mpelekeni yule bibi wa ndege, hana madhara. Akaongozwa hadi nyumba iliyo karibu na lango, na mwanamke akatoka akiwa na mtoto mchanga mikononi, akamnyooshea.

Alikuwa Nambua.

Ni nani awezaye kuyasimulia sawasawa? Nyonga zilikuwa zimepanuka, sauti ilikuwa imeshuka, na shanga za bonde zilijaa shingoni. Lakini ile namna ya kuinamisha kichwa upande mmoja kabla ya kusema ilikuwa ni ile ile. Nakijwa akakumbuka kiapo. Akanyoosha mikono, akampokea mjukuu wake, na mwili wote ukawa kama chungu kilichojazwa maji hadi mdomoni, ambacho anayekibeba hathubutu kugeuza shingo.

"Anaitwa nani?" akauliza.

"Bado baba yake hajampa jina," akajibu Nambua. "Mzoee tu, bibi. Hulia sana mchana."

Nakijwa akaishi katika nyumba hiyo. Alimwogesha mtoto, akambeba mgongoni. Alikula mabaki ya chungu alichopika mwanawe. Mchana kutwa walikuwa karibu kiasi cha kugusana, na siku nyingine nguo zao ziligusana kweli mlangoni, naye Nakijwa akaenda nyuma ya nyumba akasimama hata moyo utulie. Alipokuwa mlimani alimtamani mtu aliye mbali, na kutamani huko alikuwa amekuzoea. Sasa alimtamani mtu aliyekuwa akimpa bakuli mkononi, na kwa hilo hakuwa amejiandaa.

Naye Mhando, mnapaswa kumjua, kwa maana mighani isiyosema ukweli wa adui ni uongo nusu. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye kovu la kuungua shingoni, mpole ndani ya nyumba yake. Alimwita kikongwe yule "bibi" kwa adabu, na alipokula nyama alimkatia kipande laini, kwa kuwa meno yalikuwa yamemwisha.

Katika nyumba hiyo Nakijwa akaipata siri ya ngome. Ilikuwa hivi: siku ya pombe ya malimbuko ya mtama, watu wa Ndungweni walikunywa wote, mkubwa na mdogo, na kwa sababu zamani waliwahi kulewa wakauana wao kwa wao, Sekidia aliamuru siku hiyo silaha zote zifungiwe ndani ya nyumba moja mpaka kesho yake. Lango kuu lilikomewa. Lakini lango la mbuzi, upande wa mto, liliachwa wazi, kwa kuwa mbuzi hawajui sikukuu. Mhando alimweleza mkewe mambo hayo akilalamika juu ya kazi iliyomngoja, na bibi wa ndege alikuwa pale pale, akimpepea mtoto.

Siku chache kabla ya malimbuko, Mhando alipokuwa langoni na jua likiwa juu ya vichwa, Nambua alikaa kwenye jiwe la kusagia. Nakijwa alikuwa akikanda unga. Nambua akasema, bila kuinua uso, "Mama."

Nakijwa akajibu, "Mimi ni bibi wa ndege tu, mke wa bwana."

"Nilikujua siku ulipompokea mtoto. Ulimpokea kama unavyopokea udongo mbichi, viganja chini, vidole wazi. Nimekaa nikingoja uniite. Huku wamenipa jina jingine, mama. Hakuna anayelijua langu."

Nakijwa alikuwa amekivumilia kiapo chake juani na mvuani. Hapo hakukiweza. "Nambua," akasema, na kwa neno hilo moja kiapo kikavunjika.

Hawakukumbatiana, kwa kuwa watu walikuwa wakipita. Nambua akaendelea kusaga, machozi yakidondokea mtama. "Umekuja kunichukua?"

"Nimekuja."

"Peke yako?"

Nakijwa hakujibu. Na Nambua, aliyekuwa mke wa mkuu wa lango, akaielewa maana ya kimya kile. Jiwe likasimama mikononi mwake.

"Usiniambie ni lini," akasema. "Ukiniambia nitamwambia baba wa mtoto, maana sijui kumficha neno, na nikimwambia, watakuua. Basi niache nisijue."

"Ni yeye aliyekukamata?"

"Siye. Alinikuta nimefungwa, akanifungua kamba. Ndiye pekee katika ngome hii aliyeniuliza nalia nini."

Siku ya soko Nakijwa akatoka kwenda nje ya lango, mahali alipokuja Senkondo, muuza majembe wa kabila la mbali, ambaye kwa siri alikuwa rafiki wa Kiangi, na ndiye waliyeagana kwamba atapokea habari zake. Alitembea polepole. Alikuwa amekwisha kuamua atanyamaza. Moyoni alijiambia: nitarudi kwenye ile nyumba, nitambeba mjukuu wangu mpaka nife, nitakula nyama laini, na kila mchana nitaitwa mama mara moja, kwa siri, je, si inatosha?

Lakini njia ya kwenda sokoni ilipita karibu na zizi walimofungwa mateka wapya waliongojea msafara. Miongoni mwao alikuwamo mwanamke wa Kirei, jirani yake, shingo yake ikiwa katika kamba. Macho yao yakakutana. Yule mwanamke akamtambua. Na kwa kuwa alielewa, akageuza uso wake ukutani ili asimponze. Hakuomba kitu.

Nakijwa akasimama mbele ya Senkondo, mlinzi akiwa kando yao. Akaokota jembe, akaligeuza, akalitukana.

"Hili halikati hata uji. Sitaki jembe, nataka shoka."

"Bibi, shoka la nini na mikono hiyo?" akasema Senkondo.

"Nitalinunua siku ya pombe ya malimbuko, nikaliweke pamoja na mashoka mengine. Hujui siku hiyo vyuma vyote hulala nyumba moja na mwenye ufunguo hulewa? Wanaoamka ni mbuzi peke yao, na mbuzi hawafungiwi mlango. Waambie mbuzi wenzako huko kwenu!"

Mlinzi akacheka hata akashika ubavu. Senkondo naye akacheka, akakusanya majembe yake, akaondoka bila haraka.

Siku ya malimbuko ikafika, nyeupe na yenye joto. Ngoma zililia tangu asubuhi. Nakijwa akamwendea Mhando, akamwambia, "Bwana, ulingo wangu wa shamba la mto umeanguka. Njoo unijengee. Njoo na mama mtoto, mtanisaidia wote."

Mhando akacheka kwa upole. "Leo, bibi? Leo ndege nao wanakunywa. Kesho nitakujengea mpya, wenye kivuli." Akamshika bega, akaenda kwa wenzake.

Nakijwa akasimama pale alipoachwa. Kisha akamfunga mtoto mgongoni, akamshika Nambua mkono mbele ya watu wote kwa mara ya kwanza, akamvuta kuelekea mtoni. Nambua hakuuliza kitu. Alitembea kama mtu anayetembea usingizini, akigeuka nyuma kila mara. Walipokuwa katikati ya mtama, mtama wenyewe ukasimama, na walikuwa ni watu wa mlimani, koo zote, Kiangi mbele yao. Wakapita kando ya wale wanawake wawili kama maji yanavyopita kando ya jiwe, wakaingia kwa lango la mbuzi.

Ngome ya Ndungweni ilianguka kabla pombe haijakauka vibuyuni. Sekidia alikamatwa ndani ya ghala lake mwenyewe, akafungwa kamba alizowafungia wengine, akafukuzwa nyikani asirudi. Damu haikumwagika nyingi. Waliouawa ni wachache waliokataa kukimbia, na wa kwanza wao alikuwa Mhando, aliyeokota mchi wa kutwangia, akasimama mlangoni pa nyumba yake akiamini mkewe na mtoto wangali ndani. Alikataa kuondoka hapo. Aliyemchoma mkuki hakujua kwamba Mhando alikuwa akilinda nyumba tupu.

Nambua alimkuta hapo. Akakaa chini karibu naye, akamfuta vumbi usoni. Nakijwa akafika, mtoto mgongoni. Ni Nambua aliyesema, na maneno yake hatuyabadili tunaposimulia:

"Ungekuwa umekosea, mama, ningekusamehe. Lakini hukukosea. Nimewaona waliofunguliwa kamba, nimewaona wakilia kwa furaha. Sina la kukusamehe, ndiyo maana siwezi kukaa nawe. Nipe mtoto wangu."

Nakijwa akafungua nguo, akamtoa mtoto mgongoni, akampa. Mtoto alikuwa amelala. Nambua akaondoka pamoja na ndugu za mumewe, wakavuka mto Lumesa kuelekea machweo ya jua, na Kiangi alipotaka kuwazuia, Nakijwa akainua mkono wake, akasema, "Katika mji huu hakuna atakayezuiwa tena kuondoka." Hiyo ndiyo sheria yetu ya kwanza. Aliitoa akiwa amesimama, mgongo wake ukiwa na unyevu mahali mtoto alipolala.

Mateka walikuwa wengi, wa lugha mbalimbali, na wengi hawakuwa na kwao pa kurudi. Wakamwuliza waende wapi. Akawaambia, "Kaeni. Hata mimi siko kwetu." Koo za mlimani zikashuka, zikachanganyika nao. Wakachoma ile miiba yote, na Nakijwa akatamka kwamba mji hautakuwa na ukuta, kwamba kamba haitafungwa shingoni mwa mtu, na kwamba milango yote itaelekea mtoni. Wazee walimwuliza sababu ya hili la mwisho. Akasema, "Ili anayevuka aonekane mapema." Wakataka kumpa Kiangi utawala, Kiangi akasema yeye ni mfua chuma, jina la watu hawa ni la yule aliyelipa. Ndipo tukaitwa Wanakijwa, nasi ndivyo tulivyo mpaka leo.

Aliishi miaka mingi kati yetu, akisikilizwa, akiamua kesi, akiwafundisha wasichana kufinyanga. Lakini kila malimbuko, kabla kibuyu hakijaguswa, alikwenda ukingoni mwa Lumesa, akaita jina la mwanawe kwa sauti yake yote, kisha akanyamaza akasikiliza. Mwanzoni alikwenda peke yake. Baadaye wakamfuata wengine, waliokuwa na watu wao waliouzwa katika misafara, wakaita nao.

Kisha likaja lile limbuko la mwisho. Alikuwa mzee kupita kiasi, mwepesi kama kapu tupu. Akaita, akanyamaza kama kawaida. Ndipo wale waliokuwa karibu wakaona kichwa chake kikiinuka, kama mtu aliyesikia kitu. Hawakusikia wao. Akaingia mtoni, maji yakamfika magotini, yakamfika kiunoni, akatokea ng'ambo. Wanawake wakampigia kelele, "Mama, unakwenda wapi?" Akapunga mkono pasipo kugeuka, kama mwenye haraka, akaingia katika nyasi ndefu, na nyasi zikajifunga nyuma yake.

Walimtafuta hawakumpata, wala mwili, wala nguo. Wengine husema alifika, kwamba kuna mji ng'ambo ya mbali ambako alikufa akiwa ameshikwa mkono. Wengine husema alisikia upepo tu. Mimi sijui, na aliyenisimulia hakujua.

Ninachokijua ni kile mnachokijua nyote. Mtama umeiva. Kesho, kabla mtu yeyote hajanywa, tutashuka sote mpaka ukingoni, tutawaita kwa majina wetu walio mbali, kila mtu wake, na wale wasio na wa kumwita watamwita Nambua. Kisha tutanyamaza, hata watoto watanyamaza, na tutasikiliza maji.